Kisweta cha Kikombe

Baridi ya Norway nimeizoea, lakini mambo ya mama mkwe wangu bado yananishinda. Mwanamke huyu huvaa, mbele za watu na bila haya, sweta la Setesdal, bonde la kusini mwa Norway, ambalo wenyewe wanaliita lusekofte, yaani koti la chawa, kwa sababu ya vidoadoa vyeupe vilivyotapakaa kwenye sufu nyeusi. Na majuzi aliamua kwamba mkwewe naye ajifunze namna linavyokatwa. Ndiyo, linakatwa. Hufumwa lote kama bomba, kwa sindano ya mviringo, ili nakshi imtazame mfumaji wakati wote, kisha huchukuliwa mkasi likapasuliwa kifuani ili lifunguke mbele kama koti.

Mimi nimelelewa Tanga na bibi aliyefuma vitambaa vya makochi, na katika nyumba ile mtoto aliyeonekana na mkasi karibu na uzi alitafutiwa fimbo kabla hajaulizwa neno.

Kwa kuwa ni mwanafunzi, nilipewa kisweta cha kikombe. (Kikombe kinahisi baridi gani, hakuna aliyenijibu.) Vitanzi 60 vya nakshi, na vingine 5 ambavyo kazi yake ni kukatwa tu, nyuzi za rangi mbili zikipokezana, ule usio zamu yake ukipita kwa nyuma na kuninasa kidole. Uzi laini unaofulika kwenye mashine, nilioununua kwa bei ya punguzo, aliukataa kwa kuwa unateleza na haushikani kama sufu yenye manyoya. Nilifuma siku nne. Siku ya tano nilipitisha kroshia kila upande wa kitanzi cha katikati cha vile vitano ili kingo zishikwe, nikakipakata kisweta, nikakata.

Mkasi ulilia kri, kri, kri, nami nikasubiri kazi ya siku nne inimwagikie miguuni. Haikumwagika. Kitanzi kikiachwa hukimbilia chini, si pembeni, na sufu ile ilikuwa imeng'ang'aniana kama ndugu wenye kesi moja.

Nilipoinuka kwa mbwembwe kumwonyesha mama mkwe, nilihisi ubaridi pajani. Katika kipande cha mwisho ncha ya mkasi ilitokea upande wa pili ikaonja suruali yangu ya kazini, ambayo nyuzi zake zilikuwa zimeanza kuchomoka kama ndevu za mbuzi. Mama mkwe alivaa miwani, akainama, akauchunguza mpasuko bila haraka, kisha akauliza kama na suruali nilikuwa nimeipitishia kroshia.