Msiwapokonye Wazee Kapu la Sokoni

Nikisikia mtu anasema "mama amezeeka, hawezi kitu," huwa namuuliza: hawezi nini hasa? Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walitoa kipimo cha mambo sita ya kujihudumia kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja na kula. Mwaka 1969 watafiti wengine wa huko, Lawton na Brody, wakaja na orodha ya shughuli ngumu zaidi, kama kutumia simu, kwenda dukani, kupika, kufua, kusafiri, kunywa dawa kwa wakati na kushika fedha zako. Wazee wengi ninaowajua hapa Dar es Salaam wanaimudu vizuri orodha ya kwanza. Wanakwama kwenye ya pili, na sehemu kubwa ya kukwama huko tumeisababisha sisi.

Kuna bibi jirani yetu huku Magomeni, miaka sabini na kitu. Anapika, anafua, anachambua mchele na hutasikia jiwe mdomoni. Lakini umeme ukiisha alikuwa anakaa gizani mpaka wajukuu warudi kutoka kazini. Tokeni ya LUKU, yaani namba ya umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20, zimebanana kwenye kioo cha simu ndogo, na mita iko kwenye korido isiyo na mwanga. Binti mmoja wa nyumba hiyo akaanza kumwandikia namba kwenye karatasi kwa kalamu nene, nne nne, kila fungu mstari wake. Sasa bibi anaweka kidole cha kushoto kwenye fungu, anabonyeza kwa mkono wa kulia, anashusha kidole. Polepole, lakini taa zinawaka na hajamwita mtu.

Hapo ndipo penye shida yetu. Tunawapenda wazazi, tunawaheshimu, na kwa heshima hiyohiyo tunawaambia "mama pumzika, tutafanya." Tunawapokonya kapu la sokoni. Tunashika simu zao na namba zao za siri, hata pesa ya muamala ikiingia mzee anaisikia kwa mjukuu. Mwili wa mzee usipotumika hupoteza nguvu upesi kuliko wa kijana, kwa hiyo anayekalishwa kitini leo kwa upendo, baada ya muda atashindwa kweli kuinuka. Kama kuna jambo la kumfanyia, ni fundi aje afunge bomba imara ukutani chooni, pa kujishikia akichuchumaa. Magoti ndiyo yanayowatesa wengi, na bomba hilo ni kazi ya muda mfupi.

Kutoka nje ni habari nyingine. Daladala haisubiri mguu wa pili upande, konda ameshagonga bodi. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, tangu ianze 2016, walau sakafu ya basi inalingana na kituo, na hilo limewasaidia wazee sana, ingawa msongamano wa jioni unawafukuza. Mitaani kwetu mitaro iko wazi na bodaboda zinapita pa waenda kwa miguu. Mzee mwenye miguu mizima kabisa anaogopa kwenda msikitini usiku.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na tunaizungumzia zaidi kwenye matibabu bila malipo. Sawa, ni muhimu. Zanzibar walikwenda mbele zaidi: tangu 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 anastahili pensheni jamii, awe aliajiriwa au la. Naiunga mkono kwa moyo wote, maana mzee mwenye pesa yake mkononi ana sababu ya kuvaa viatu aende genge mwenyewe, achague samaki anayemtaka, abishane bei. Ningependa kuiona Bara pia. Na halmashauri, wakati tunaisubiri, zianze na vifuniko vya mitaro kwenye njia za kwenda sokoni na zahanati.