Zile hazikuwa nyasi, jamani

Naona stika za bata zimefika hadi grupu la ukoo, na mama mdogo kanipigia kutoka Shinyanga kuuliza kama kweli niliokolewa na zimamoto. Basi nisimulie mwenyewe. Yule mwenzangu, nimwite Redio maana ndiyo kazi yake, kawaambia maji yalinifika shingoni. Uongo. Yalinifika kiunoni. Shingoni ilikuwa kabla sijasimama.

Jumamosi tulikuwa tunazungusha baiskeli pembezoni mwa Delft, kama kawaida yetu tangu majani ya miti yaanze kugeuka manjano. Huku Uholanzi ndivyo tunavyojifunza mitaa: wiki iliyopita tuliona kabati la vitabu vya bure kwenye uzio wa mtu, safari hii meza ya maboga kando ya njia. Muuzaji hayupo, kuna kopo tu la kutia hela. Nikaangaza huku na huku kutafuta kamera, nikatia yuro 2, nikachagua boga langu na kulifunga kwenye keria kwa mpira.

Na mjue, mimi si mgeni wa baiskeli. Nimebeba gunia la mpunga na mdogo wangu juu yake. Ila hii ya mtumba niliyonunua hapa haina breki za mkononi. Ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kinyumenyume. Miguu imeshaelewa. Mikono bado.

Sasa. Njia inapinda, imejaa majani yaliyolowa. Mbele anakuja mama na baiskeli yenye sanduku, ndani watoto watatu wamepangwa kama mikate. Kulia kwangu uwanja wa nyasi, kijani kibichi, umelala sawasawa utadhani umefyekwa asubuhi ile. Pembeni kuna bibi na kijibwa chake. Katikati ya uwanja bata wanne wamekaa. Nikajisemea, bata wa huku wavivu, mchana kweupe wote wamekaa! Mmoja akasogea bila kusimama, akapita tu kama anavutwa na uzi. Wala sikujiuliza miguu iko wapi. (Wewe unayecheka, ungejiuliza?)

Nikaamua kuwa muungwana, niwapishe watoto. Nikakata kona kuelekea nyasini. Hapo ndipo nikakiona kile kijibwa kimesimama ukingoni kabisa, hakiongezi hata hatua, kinanitazama kwa huruma. Moyo ukasema: simama. Vidole vikabana. Vikabana hewa. Nikabana tena kwa nguvu zaidi, labda hewa ya kwanza haikusikia. Gurudumu la mbele likakanyaga nyasi, na nyasi zikafunguka.

Chubwi!

Maji ya Oktoba, ndugu zangu, hayakulowanishi, yanakuhoji hadi jina la babu. Nikapiga ukelele wa "Mama yangu!", na hapo Redio hakuongeza chumvi. Nilipofumbua macho, boga lilikuwa limechomoka kwenye mpira, linaelea zake taratibu, na bata wanalipisha njia.

Bibi akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeumia. Nikamjibu shikamoo. Sijui ilitokea wapi. Akanieleza kwa upole kwamba ule ni mtaro, na kijani ile ni vimea vidogo vya majini, wenyewe wanaviita kroos, vinanenepa kwa mbolea inayotiririka kutoka mashambani mpaka vinafunika maji yote. Hata mbwa wake aliwahi kuingia. Mara moja tu, akasisitiza.

Mengine mnayajua. Baiskeli ilitoka, simu imelala kwenye mchele, viatu tusiviongelee. Redio alianza kurekodi sauti kabla hajanipa mkono. Boga tuliliopoa kwa tawi, jioni nikalipika kwa nazi, na yeye huyohuyo kala sahani mbili. Tukiwa mezani kijani kimoja kikanidondoka kutoka sikioni, kikatua karibu na chumvi. Hiyo mtaisikia kesho.