Picha za Januari huwa situmi

Kila nikituma picha ya shamba la wakwe zangu, huku kwenye nchi ya baridi ninakoishi, kwenye kundi la ukoo, jibu ni lilelile: "Unawaona wenzetu? Hawalali hao." Majuzi binamu yangu kaongezea mahubiri kuhusu uvivu wetu, na nusu ya ukoo ukaitikia. Nimenyamaza miaka, leo nijibu.

Picha zenyewe huwa ni za majira ya kuchipua, Aprili na Mei. Za Januari situmi kwa kuwa hakuna cha kupiga picha. Ardhi imeganda, ukipiga jembe linadunda kama umepiga saruji. Mchana mzima una urefu wa saa 8 tu, zilizobaki ni giza. Kuku wameacha kutaga, maana kuku hufuata mwanga, siku zikifupika naye anapumzika. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, kuku anataga na kuatamia mwezi autakao, na sijawahi kusikia mtu akishukuru kwa hilo. Mimi mwenyewe sikujua kwamba mwanga nao ni pembejeo mpaka nilipofika huku.

Sasa Machi inapoingia, kila kitu kinadai kwa pamoja. Banda linatakiwa kusafishwa, samadi itawanywe, mbuzi wanazaa, uzio umelazwa na theluji, madirisha yote ya nyumba yamejaa vikopo vya miche. Mtu mwenye miezi mitano tu ya kulima atalalaje? Hiyo mnayoiita bidii, mimi naiona ni hofu. Wanakimbia kwa sababu baridi inarudi, basi. Na mama yangu mvua zikianza hukimbia vilevile, alfajiri yuko shambani na jembe begani, ila hakuna anayempiga picha.

Tena huku haraka yenyewe haitoshi. Mwaka wangu wa kwanza niliona jua limewaka, nikachukua sepetu. Mama mkwe akanizuia. Akainama, akachota udongo, akauminya kiganjani kama anakata tonge, kisha akausukuma kwa kidole gumba. Tonge likabonyea, halikumeguka. Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Juu udongo umeyeyuka lakini chini bado umeganda, kwa hiyo maji hayana pa kwenda. Ukichimba hali hiyo, ukikauka unapata matofali. Tulingoja siku 9. Siku 9 za watu "wasiolala" wakichungulia dirishani!

Nikaja kukosea kubaya zaidi. Katikati ya Mei nilitoa miche ya nyanya nje, 40 hivi, bila kuizoesha upepo kwanza na bila kumuuliza mtu. Mchana ulikuwa wa fulana. Usiku jalidi, ule umande unaoganda na kuunguza mimea, ikashuka, asubuhi nikakuta majani meusi yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Mama mkwe hakusema neno. Alinionyesha tu daftari lake, miaka zaidi ya 20 ya tarehe za jalidi ya mwisho, kwa kalamu ya risasi, na mwaka mmoja iliandikwa mwanzoni mwa Juni.

Hapo ndipo nitakapokubaliana na binamu kidogo. Trekta lao silioni kijicho (bovu hilo, nusu ya mwaka liko juu ya matofali). Kijicho changu kiko kwenye lile daftari. Mama anajua mvua za miaka mingi kuliko hiyo, ila zote ziko kichwani mwake, na sisi watoto tumetawanyika bila hata mmoja aliyekaa naye akaandika. Ukitaka kutuhubiria, binamu, hubiri hilo, nami nitaitikia amina.

Jana jioni nilimpigia mama. Mbegu zake ziko chini siku ya sita na mvua imekata. Nikamuuliza mbingu zikoje.

"Nyeupe, mwanangu. Nyota tupu. Sijui kama tutapona."

Nikatoka nje na simu sikioni. Huku nako nyota tupu, hakuna wingu la kuizuia baridi isishuke. Mama mkwe alishatangulia bustanini na mashuka makuukuu ya kufunikia miche mkononi, ananiita nishike upande wa pili.