Gari Langu Lina Mdomo

Dar es Salaam tunaishi kwa uongo mmoja usiomdhuru mtu: "Nipo njiani, naingia." Mtu yuko kitandani, shuka kajifunika gubigubi, anakwambia yuko Ubungo mataa. Wewe nawe uko bafuni unajipaka sabuni, unamjibu kwamba umefika zamani unamsubiri yeye. Wote mnajua, hakuna anayekasirika, maisha yanasonga. Katika jiji zima ni mimi tu niliyenyang'anywa haki hiyo, na aliyeninyang'anya ni gari langu mwenyewe.

Naendesha Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 1999. Ya bluu, rimu za dhahabu, na nyuma ina bawa ambalo dada wa kazi alishalianikia taulo mbili na zikakauka vizuri. Wenye magari ya namna hii huyafunika turubai, wakayatoa Jumapili jioni kwenda kula nayo upepo Masaki. Langu ndilo la kazini, la sokoni, la kupeleka watoto shule na la kubebea mtungi wa gesi. Watu wakiniona wanadhani nyumbani nimeacha gari jingine la kawaida. La kawaida nililonalo ni miguu.

Sasa kwa wasiolijua. Injini ya Subaru pistoni zake hazikusimama, zimelala, mbili kushoto na mbili kulia. Mabomba yanayokusanya moshi wa kila upande kwenda kwenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi isukumie injini hewa zaidi, hayalingani urefu, kwa hiyo moshi wa huku unawahi na wa kule unachelewa. Ndiyo maana hata likiwa limesimama haliungurumi kama gari, linabwabwaja kama mlevi anayedai chenji yake. Na mwenye gari wa kwanza, Mungu amsamehe, aliona haitoshi akalifunga ekzosi yenye tundu ambalo paka wa jirani aliwahi kulala ndani.

Nakaa Kimara Temboni. Nikiiacha tu lami kuanza kupanda barabara ya vumbi, mtaa mzima unajua nimerudi. Mama Nasra hahitaji kunipigia simu. Akisikia gia ya kwanza anaweka maji ya ugali jikoni, nikifika getini yanachemka. Mwanzoni nilidhani ni mapenzi. Baadaye nikagundua ni upelelezi. Naingia, sijavua hata kiatu, naulizwa: "Baba Nasra, pale kwa Mangi ulisimama muda wote ule unanunua nini, mbona mikono mitupu?" Siku nyingine ananiambia leo bosi amekuudhi, maana pale kona ya msikitini umebadilisha gia kwa hasira. Mwanamke hajawahi kushika usukani, lakini kwa masikio tu angeweza kufungua gereji.

Mweka hazina wa kikoba naye anakaa nyumba ya tatu. Kuna jioni, tarehe za marejesho zikiwa zimepita kidogo (kidogo kwa maoni yangu), nilifika nikachomoa ufunguo haraka, nikaingia ndani, nikazima taa ya sebuleni. Nilikuwa nimesahau tabo taima. Kwa wasioijua: tabo hupata moto sana, kwa hiyo Wajapani wakatengeneza kidude kinachoiacha injini iendelee kunguruma baada ya wewe kuchomoa ufunguo, oili izunguke, ipoe taratibu. Basi mimi nimejificha nyuma ya pazia, gari liko nje linaendelea kumtangazia kila mpita njia kwamba mwenyewe yupo, karibuni. Mweka hazina hakubisha hata hodi. Alisimama kando ya boneti na daftari lake mpaka injini ikazima yenyewe, ndipo akaita, "Jirani, najua upo, hata gari limeniambia."

Asubuhi ndiyo balaa lenyewe. Nawasha saa kumi na moja alfajiri ili niiwahi foleni, na likiwa baridi ndipo linapopiga kelele zaidi. Nilitegemea majirani walalamike, nipate sababu ya kulirekebisha. Wapi! Mama anayeuza chapati pale njia panda ananishukuru, anasema akinisikia anajua muda wa kuwasha jiko umefika. Nikichelewa kuamka, wateja wake wanakosa chai. Kuna Jumatatu nilikuwa na homa, saa mbili asubuhi akamtuma mtoto aje aniulize kama leo siwashi.

Foleni ya Morogoro Road sitaki hata kuizungumza, lakini nitazungumza. Njia nane zote tulizojengewa zinatoka Kimara kwenda Kibaha. Mimi ofisi yangu iko Posta. Kwa hiyo zile njia nane nazipa mgongo kila asubuhi, naelekea kule barabara inakobana. Nguvu za farasi 280 zimesimama Magomeni, zote zinakunywa petroli, hakuna hata farasi mmoja anayepiga hatua. Katikati basi la mwendokasi linapita kwenye njia yake, abiria wamesimama wamebanana, na bado wananiangalia kwa huruma. Klachi ya gari hili ni ngumu, mguu wangu wa kushoto umejaa misuli kuliko wa kulia, suruali zangu zote zinanibana paja moja.

Na bajaji! Dereva wa bajaji akiona STI pembeni yake anaona ameitwa kwenye mashindano. Anapiga resi pip pip pip, anachungulia, "Braza, twende!" Tunaenda wapi, mwanangu, mbele yetu kuna lori la kokoto? Taa zikiwaka kijani yeye anapenya kushoto, juu ya ukingo wa barabara, anatokea mbele, anageuka kunipungia mkono. Jioni anawasimulia wenzake kijiweni kwamba amelikalisha Subaru la tabo. Na kusema kweli amelikalisha.

Enzi hizo Wajapani walikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba hakuna kampuni itakayotangaza gari la kuzidi nguvu za farasi 280, na mwendo ukafungwa kwenye 180. Ndiyo maana dashibodi yangu inaishia 180. Hata hiyo ni dharau tupu, maana mjini mwisho wetu ni 50, na mimi hiyo 50 naiona siku za sikukuu. Lakini trafiki wananisimamisha. Mmoja alinisimamisha pale nilipokuwa navuka tuta, gari linatambaa.

"Afande, si nilikuwa naenda kumi tu?"

"Kumi, sawa. Lakini kwa sauti ya mia na ishirini."

Alizunguka gari mara mbili, akakagua stika, akakagua bima, akatikisa bawa. Mimi kichwani naihesabu ile 30,000 ya faini inavyoondoka. Akarudi dirishani, akainama, akashusha sauti: "Hebu kanyaga kidogo nisikie." Nikakanyaga. Akafurahi, akaniruhusu. Nyuma yangu watu wanapiga honi.

Sasa hayo matuta. Gari la umbo hilihili ndilo Colin McRae alilopita nalo kwenye mawe na matope ya Kenya akashinda Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nalo tena mwaka 2000. Mimi linanishinda tuta la pale kwa mwenyekiti wa mtaa. Kisa ni yuleyule mwenye gari wa kwanza, alikata springi gari likalala chini lipate kupendeza. Kwa hiyo nalivuka tuta kiubavuubavu, tairi moja moja, bampa linachora tuta krrrrr, na watoto wa mtaa wanasimama pembeni wanaongoza: "Baba Nasra, leta kushoto! Leta! Leta! Simama!" Halafu wanapiga makofi. Kila siku ya Mungu. Na kuna katoto kamoja, sijui ka nani, kamejifunza kuuiga mlio wa bampa kwa mdomo, nikipita kwa miguu kananifanyia.

Mama mkwe alikuja kutoka Lushoto, nikaenda kumpokea Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Viti vya gari hili viko chini na vina mbavu, vinamkumbatia mtu asiyumbe kwenye kona. Mama mkwe hakutaka kukumbatiwa. Alianza kukaa, akaendelea kukaa, kiti hakifiki. Alipofika akashusha pumzi, akauliza kwa upole, "Mkwe wangu, viti mliuza?" Nikawasha gari, yule dada wa Kijapani anayekaa kwenye dashibodi akasema maneno yake. Ni kidude cha kulipia barabara za Japani, kila ukiwasha kinakukumbusha kwamba hujaweka kadi. Mama mkwe akavuta khanga vizuri, akaitikia, "Salama, mwanangu, habari za hapa?" Mimi ningesema nini? Nikanyamaza. Njia nzima akawa anashangaa binti hana adabu, umemjibu salamu hakuulizi hata safari.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa msibani. Mzee wetu mmoja alifariki, turubai likafungwa, mikeka imetandikwa, dua inasomwa. Mimi nimechelewa kutoka kazini. Nikajisemea, leo nitaingia kimyakimya. Nikapunguza mwendo kileleni, nikatoa gia, nikaliacha liteleze lenyewe kuteremka. Mpango mzuri. Kumbe ekzosi ile, ukitoa mguu kwenye mafuta ghafla, petroli iliyobaki inakwenda kuungulia bombani. PAA! Sheikh akakatiza dua. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi tayari alikuwa amelala kifudifudi. Nikashuka nimeinamisha kichwa, natafuta mkeka wa mwisho kabisa, nikaketi.

Haikupita muda, kijana mmoja wa wafiwa akanisogelea. Nikajua nafukuzwa. Akanong'ona, "Pole na msiba, kaka. Ile ni vasheni ngapi?" Nikamwambia si wakati wake. Akaniambia marehemu mwenyewe alikuwa akilipenda sana, alikuwa akilisikia likipita anasema hilo gari hilo. Basi ningekataaje? Nikaenda kufungua boneti. Akaja wa pili, wa nne, mkeka wa vijana ukabaki mtupu, watu wamezunguka injini wamefumbata mikono kwa heshima. Nikainua macho, nikaona na ustadhi yupo, ameinama anachungulia. "Hii intakula," aliniuliza, akionyesha kile kipoza hewa ya tabo, "mbona wameiweka juu?"

Ofisini nako nimeshindwa. Bosi anaendesha Toyota IST, nyeupe, kimya, hujui kama imefika mpaka umwone mlangoni. Mimi nikiingia maegesho, ghorofa ya tatu vikombe vinagongana. Nenda sasa kaombe advansi ya mshahara. Anakutazama, anatazama dirishani, anakutazama tena. Nimwelezeje kwamba advansi yenyewe ni ya petroli? Sisi wenye magari haya Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei kikomo, tunasoma tangazo kwa sauti ya chini, huku tumeshika meza. Kibandiko cha Kijapani kwenye mfuniko wa tangi kinaagiza petroli ya daraja la juu. Tangi lenyewe ni kubwa. Mimi naingia sheli kwa kishindo, vijana watatu wanakimbilia pampu wakijua leo tajiri kaja, mmoja ameanza kufuta kioo, na mimi nashusha dirisha nasema taratibu, "Weka ya elfu ishirini."

Kariakoo nimeshaerevuka, naegesha mitaa miwili nyuma ndipo naenda dukani kwa miguu, maana muuza spea akisikia mlio bei inapanda kabla sijazima. Haisaidii. "Pedi za Subaru." Ipi? "Ya kawaida." Anauleta mkono wangu karibu na taa, anaangalia ile ngozi niliyoachwa nayo nikijaribu kubadilisha plagi mwenyewe, maana injini ikilala plagi nazo zinatazama ubavuni, mkono unaingia mzima unatoka umechunika. "Kaka," ananiambia, "hii si mikono ya Subaru ya kawaida."

Mwezi uliopita akaja kijana kutoka Tegeta, ameshalifuata gari kwa macho muda mrefu. Akalikagua, akacheka kidogo alipoona namba B, za usajili wa zamani, kisha akasema anatoa IST yake, namba D, na hela juu. IST! Lita kumi zinakupeleka Chalinze. Nikaona maisha mapya: nachelewa na hakuna anayejua, nipo Sinza nasema nipo Kimara mwisho, mweka hazina anapita nyumbani hana habari. Tukapeana mikono. Nikaingia ndani kutafuta kadi ya gari kwenye kabati, haipo. Chini ya godoro, haipo.

Mama Nasra yuko mlangoni, kadi iko kwenye pindo la khanga.

"Gari haliuzwi."

"Mke wangu, si wewe unayelalamika kelele kila siku?"

"Nalalamika, ndiyo. Na haliuzwi." Akaiingiza kadi ndani zaidi, akamgeukia kijana wa watu pale nje. "Mdogo wangu, na wewe una mke? Anajuaje uko wapi saa hizi?"

Kijana akawasha IST yake, ikaondoka hata kuku hawakugeuka. Mama Nasra aliitazama mpaka ikakata kona, akaniambia lile gari ni la wahuni.