Miti ya Maradi: serikali ilipolegea

Kusini mwa Niger, katika mikoa ya Maradi na Zinder, mashamba ya Wahausa leo yana miti mingi kuliko yalivyokuwa mwaka 1975. Makadirio ya picha za setilaiti yanataja hekta milioni 5, na sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Mkulima huchagua machipukizi ya visiki vya zamani, akayapogoa na kuyaacha yakue. Dodoma njia hiyo tunaiita kisiki hai. Kinachobishaniwa ni sababu.

Wafadhili wanapenda maelezo ya kitaalamu: Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia, aliwashawishi wakulima wa Maradi kuanzia mwaka 1983, na njaa ya 1984 ilipokuja, waliotunza machipukizi walilipwa chakula. Sawa. Ila njaa ilipokwisha, wengi waliikata miti ileile. Na kule Zinder, ambako miradi ilikuwa michache, mashamba yalijaa miti vilevile.

Mimi nayaona haya kuwa mambo ya siasa zaidi. Amri ya Wafaransa ya 1935 iliiweka miti yenye thamani mikononi mwa serikali, hata ile iliyo katikati ya shamba la mtu, na uhuru wa 1960 haukulibadili hilo. Kukata bila kibali kulileta faini, au rushwa kwa askari wa misitu. Basi mkulima alifanya lenye akili: aling'oa mche ungali mdogo, kabla haujawa mali ya serikali. Juu ya hayo kulikuwa na kodi, na karanga za kuuzwa Ufaransa, ambazo zilipanua mashamba na kufupisha miaka ya kupumzisha ardhi.

Kisha hazina ikakauka. Urani ya Arlit, kaskazini mwa nchi, iliyoanza kuchimbwa 1971 na kuiletea serikali mapato, ilishuka bei miaka ya 1980, na Rais Seyni Kountché, mwanajeshi aliyetawala kwa mkono wa chuma, akafariki 1987. Sheria ilibaki vitabuni bila wa kuifuatilia vijijini. Ndipo mkulima alipoanza kuuhesabu mkababu, mti wa jamii ya migunga ambao Wahausa wanauita gao, kuwa wake. Ana sababu ya kuutaka: hupukutisha majani wakati wa mvua, uwele ukapata jua na mbolea, na maganda yake hulisha mbuzi kiangazi.

Hoja yangu ina udhaifu, nao si mdogo. Karne ya 19 Sultani Tanimoune wa Zinder aliilinda miti hiyohiyo ya gao kwa adhabu kali mno, na ikabaki. Kwa hiyo serikali yenye nguvu si lazima iwe adui wa mti. Tena serikali ileile iliyolegea iliacha misitu ya wazi, isiyo na mwenyewe, iendelee kukatwa kuni za kuuzwa mijini. Kilichookoa mti wa shambani ni kwamba shamba lilikuwa na mtu wa kulisimamia, na kuni zilishakuwa adimu kiasi cha kuwa na bei.

Wafulani wanaochunga wana hesabu nyingine. Zamani walikata matawi kulisha mifugo na kupita mashambani baada ya mavuno. Mti ukipata mwenyewe, kulikata tawi lake kunageuka wizi. Mwaka 2020 serikali ilitoa amri inayoutambua utunzaji huu wa machipukizi na kumpa mkulima haki juu ya miti yake, miaka zaidi ya 30 baada ya wakulima kujichukulia haki hiyo wenyewe. Kwa mchungaji anayeshuka kusini kila kiangazi, bado ni suala la kuelewana na mwenye shamba, mwaka hadi mwaka.