Pears hakuwa "rafiki" tu

Makala niliyoisoma inamwita mwimbaji wa tenor Peter Pears "rafiki" wa mtunzi wa muziki Mwingereza Benjamin Britten. Haitoshi hata kidogo! Walikuwa wapenzi tangu 1939 mpaka Britten alipofariki 1976, na hadi 1967 sheria ya Uingereza ilihesabu mapenzi yao kuwa jinai.

Sikilizeni Serenade ya 1943, mfululizo wa nyimbo za tenor, honi na ala za nyuzi, ambao Britten aliwatungia Pears na mpiga honi Dennis Brain. Mwanzoni honi hupigwa bila kugusa vali, kwa midomo na pumzi tu, hivyo harmoniki, yaani noti za asili za bomba la honi, hazilingani zote na piano: ya 7 hushuka kidogo na ya 11 huangukia katikati ya noti mbili za piano. Mpigaji akizisahihisha, ameharibu. Kipande hicho cha mwanzo hurudi mwishoni kutoka nyuma ya jukwaa. Ndiyo maana wimbo unaotangulia, wa shairi la soneti, hauna honi, mpigaji apate muda wa kutoka.