Ukikosa MD, Baiolojia ya Binadamu ni Njia au Benchi la Kusubiria?

Msimu wa udahili ukifika, simu yangu haipumziki. Safari hii alikuwa mpwa wangu, kamaliza kidato cha sita kwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), alama si mbaya ila za MD, yaani digrii ya udaktari, hazikutosha. "Mjomba, nimeona vyuo vya Marekani vina digrii ya baiolojia ya binadamu. Nikisoma hiyo, si naingia udaktari baadaye?"

Jibu linategemea umesimama nchi gani.

Marekani udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza. Mtu anasoma miaka 4, anafanya mtihani wa kuombea udaktari uitwao MCAT, ndipo anaanza miaka 4 mingine ya udaktari. Huko baiolojia ya binadamu ni ngazi halali kabisa. Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha programu yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jeni na seli zilifundishwa bega kwa bega na familia, utamaduni na sera. Wanafunzi wake walifika hadi Gombe, Kigoma, kuwafuatilia sokwe wa mtafiti Jane Goodall, mpaka Mei 1975 waasi kutoka Zaire (leo Kongo DRC) walipovuka Ziwa Tanganyika usiku wakateka wanne kati ya watafiti hao. Waliachiwa baadaye, lakini kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe porini ilibaki mikononi mwa Watanzania.

Kwetu Tanzania MD yenyewe ndiyo digrii ya kwanza: miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Baiolojia haiko chini yake, iko pembeni. Mpwa wangu akisoma baiolojia hapa nyumbani, akimaliza miaka yake 3, wenzake wa MD watakuwa wanaanza mwaka wa nne, naye koti jeupe liko mbali vilevile. Halafu kuna leseni. Madaktari wana baraza lao, wauguzi lao, wafamasia lao. Hata wa maabara za hospitali wana lao, na linasajili waliosomea maabara ya tiba. Mwanabaiolojia hana pa kubisha hodi. Wazazi wakisikia hilo wanashtuka, na siwalaumu.

Lakini chukua selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Mtoto analetwa analia mifupa, miguu haigusiki. Daktari anampa maji na dawa ya maumivu, na kazi yake hapo imefanyika. Aliyesoma baiolojia ya binadamu anabaki na swali: jeni inayotesa watoto hivi, kwa nini imejaa maeneo ya joto kama Pwani na Kanda ya Ziwa na kupungua kwenye miinuko? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alijibu mwaka 1954: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Ghafla mbu, kilimo, ndoa na damu vinakuwa somo moja. (Allison alikuwa pia amesomea udaktari, na najua mzazi mbishi atanirushia hilo usoni. Sawa. Ila jibu lake hakulipata kitandani kwa mgonjwa. Alizunguka Afrika Mashariki akikusanya damu za watu.)

Kazi za namna hiyo zipo hadi leo. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki majaribio ya chanjo za malaria, RTS,S na baadaye R21, na kazi kama hizo haziendeshwi na madaktari peke yao. Tatizo ni mkataba. Miradi inaishi kwa fedha za wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi ajira za miradi zinavyoweza kukatika ndani ya wiki. Madaktari nao wako mtaani siku hizi, tusidanganyane, lakini mwenye leseni anaweza kushika zamu zahanati binafsi akala. Mwanabaiolojia anashika CV yake anasubiri tangazo.

Kwa hiyo nilimrudishia swali mpwa wangu: ukiambiwa leo hutakuwa daktari kamwe, hiyo digrii bado unaitaka?

Akanyamaza. Nikasikia feni ya kwao inazunguka.

"Mjomba, stashahada ya utabibu ni miaka mingapi?"

Mitatu, nikamwambia, na ukifaulu vizuri unaruhusiwa kuomba MD.